Koti la Maabara na Udi wa Mama

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Maabara alinipa karatasi ya chuma, nyembamba kiasi cha kukunjika kwa vidole. "Bi Rukia, hii tunataka iwake." Nilidhani ananitania. Miaka hiyo maduka ya Mwenge yalishajaa televisheni za nje, na sisi chumbani kwetu tunatafuta taa ya kukunjika, isiyo na kioo!

Chuma hata king'ae vipi kina mabonde, kwa hiyo kwanza tulikipaka utando wa plastiki. Juu yake tabaka la metali, kisha kemikali zenye kaboni zinazotoa mwanga zikipitiwa na umeme, na mwisho metali nyembamba mno ili mwanga upenye. Chembe moja ya vumbi ikiingia katikati, tabaka la juu linagusa la chini, umeme unapiga shoti.

Vipande vyetu vyote vilipiga shoti. Niliosha kwa spiriti, nikapiga deki mpaka magoti yakauma. Mkuu akaniita.

"Chumba hiki kinatakiwa na wengine. Mwezi huu ukiisha bila mwanga, tunafunga."

"Mie sitoki humu mpaka iwake, Mzee."

Sasa, kwetu Msasani nguo safi haivaliwi bila kufukizwa. Kila wiki Mama alilifua koti langu jeupe la maabara, akalipiga pasi, akalitandaza juu ya chetezo cha udi. Asubuhi moja Mkuu aliingia akinusa. "Humu mnanukia kama kwa bibi harusi!" Nilicheka, kisha kicheko kikanikauka. Nikakung'uta koti juu ya kioo safi, nikatazama kwa hadubini. Majivu matupu ya udi.

Niliona aibu, lakini nilimwambia Mkuu. Akatikisa kichwa. "Kikulacho ki nguoni mwako. Sie tukadhani methali tu."

Kumwambia Mama ndiyo ilikuwa kazi. "Utoke unanuka sabuni, watu waseme huna kwenu?" Alininunia siku tatu. Koti nikaliacha kazini, nikawa nalifua mwenyewe.

Siku mbili kabla ya mwezi kuisha, kipande kikawaka kijani, ukubwa wa ukucha. Nilikizungusha kwenye penseli ya Mkuu, kikaendelea kuwaka. Unyevu wa Dar ulikizima kabla ya chai ya saa nne, lakini chumba kilibaki chetu, nami nikafanya kazi humo chini ya wakuu watatu.

Siku niliyostaafu nilirudi na koti nyumbani. Mama alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Nililifua, nikakitoa chetezo chake, nikalifukiza mpaka udi ukaisha.