Difu Iliyokuwa Ikilia

Mpaka leo, nikiwa nimesimama kwenye robot, taa za barabarani za huku Johannesburg, na difu ya gari fulani ikaanza kulia nyuma yangu, sigeuki. Naogopa nitakayemwona kwenye usukani.

Pikapu ile nilikuwa naisikia kabla sijaiona. Mwenyewe alikuwa Mkongo wa Lubumbashi, mpangaji wa vyumba viwili Bellevue, na kazi yake ilikuwa kuwabebea wafanyabiashara mizigo toka Johannesburg mpaka kwao, trela nyuma. Akija kwenye gereji yetu ya La Rochelle, kila akipunguza mwendo kwenye mteremko, difu ya nyuma, lile bonge la gia kati ya magurudumu, ilitoa sauti nyembamba, ndefu, kama ya mtu anayejizuia kulia. Mimi kelele ya chuma hunitia hasira. Nilimwambia mara nyingi kwamba gia zimelika, tuzifungue.

"Wacha ilie, fundi," alinijibu. "Mke wangu akiisikia anaweka maji ya bukari, ugali wetu, kwenye moto, na mtoto anakimbia kwenye geti. Ukiizima, mi ntakula saa ngapi?"

Mwaka 2017 malaria ilimkamata kwenye foleni ya malori mpakani, akafia njiani. Walimzika kwao. Dereva mwingine ndiye aliyerudisha gari. Binti wa marehemu, mtoto wa miaka sita, alisikia difu ikilia mtaani, akatoka mbio mpaka getini, na kwenye gari akashuka mwanamume asiyemjua.

Hawakuwa wamemwambia kwamba baba yake amekufa. Matanga yalikaliwa nyumbani kwa jirani, watu wakaimba na kulia, na mtoto akapelekwa kwa shangazi yake mpaka yaishe. Aliporudi aliambiwa papa yuko safari. Mimi ni mtu wa Tanga, kwetu mtoto huambiwa Mungu amemchukua baba yako, hata kama haelewi. Nilichukia, lakini msiba haukuwa wangu.

Baadaye mjane akaniletea ile pikapu. Mumewe alikuwa ameivisha matairi makubwa kwa ajili ya barabara mbovu, na sasa yule dereva alilalamika kwamba trela likijaa, gari linakata pumzi milimani. Nikamweleza dawa yake. Tubadilishe kroniwili na pinioni, zile gia mbili za ndani ya difu, tuweke za uwiano mwingine, ili injini izunguke zaidi kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu. Mbio zitapungua, nguvu itaongezeka. Na ukibadilisha ekseli ya nyuma ni lazima ubadilishe na ya mbele, la sivyo siku ukiunganisha magurudumu yote manne zitavutana mpaka moja ivunjike.

Alisikiliza yote kwa adabu, kisha akauliza, "Na ile kilio itaisha?"

"Zikifungwa vizuri itaisha, shemeji."

"Basi njo hiyo ninataka. Kila dereva akirudisha motokari, mtoto anakimbia kwenye geti. Moyo yangu imechoka, fundi. Akiacha kuisikia, ataacha kungojea."

Kazi ile haina njia ya mkato. Unapaka rangi ya njano kwenye meno, unazungusha, unatazama gia zimegusana wapi. Alama ikikaa pembeni ya jino, unafungua tena, unaongeza shimu, kijipete chembamba cha chuma cha kujazia nafasi, unarudia. Nilivitukana vile vyuma kwa Kiswahili, vilipozidi nikavitukana kwa Kizulu. Lakini kabla ya hapo, wakati natoa gia za zamani, niliuzungusha mhimili kwa mkono na ile sauti ikatoka, ndogo, karibu kabisa na uso wangu. Nilisoma Fatiha palepale chini ya gari, ingawa marehemu alikuwa Mkristo.

Zile mpya ningeweza kuzifunga zilie vilevile. Pinioni ukiikosea kidogo tu, inalia. Nilikaa na wazo hilo muda, shimu mkononi, maana nilihisi namzika rafiki yangu mara ya pili. Mwishowe nikazifunga kama inavyotakiwa.

Jioni nilimrudisha mjane Bellevue kwa gari lenyewe. Tuliteremka mtaa wao, nikaachia pedali ya mafuta, difu ikawa kimya. Nilisimama getini. Yeye aliukodolea macho mlango wa nyumba na hakushuka. Hakuna aliyetoka. Tulikaa hivyo mpaka nikaona midomo yake inatetemeka, na nikajua kwamba si mtoto peke yake aliyekuwa akingojea. Nikapiga honi.

Binti alitoka akitembea. Akaitazama pikapu, akamtazama mama yake.

"Motokari ya papa imetengenezwa," mama alimwambia.

"Hayi, mama," alikataa kwa Kizulu. "Hii si ya papa. Ya papa inalia." Akageuza uso kuelekea juu ya mtaa, akatega sikio. "Ya papa bado iko njiani."

Wahenga walisema mficha maradhi, kilio humfichua. Sisi tulikuwa tumezima hata kilio, na sasa mtoto angengoja maisha yake yote. Niliwaachia gari, nikarudi La Rochelle kwa teksi nikijichukia mwenyewe, nikimchukia mjane, na marehemu pia.

Asubuhi walikuja gereji wote wawili. Mjane aliniomba ile pinioni ya zamani. Nikaiosha kwa petroli, nikaifuta, nikampa. Alikaa juu ya tairi, akampakata mwanawe.

"Hii njo ilikuwa inalia," alisema. "Fundi aliitoa. Ile ya jana njo motokari ya papa, hakuna ingine. Papa alikufa, mwanangu. Tulikuficha. Hatarudi."

Mtoto aliipokea kwa mikono miwili, maana ilikuwa nzito. Akaiweka sikioni, akasikiliza kwa muda mrefu, nami nikazima redio ya gereji. Kisha akaiinua mpaka kwenye sikio la mama yake, akaishikilia pale, ili na yeye asikie.