Bunduki ya Ubao Niliyoichakaza

Macho ya shemeji yangu niliyatoa mimi. Sitaki kuzunguka. Siku ile sikuwepo, nilikuwa hapa Kambarage napiga rangi bampa ya gari la mtu, lakini kosa ni langu na leo nalitapika lote.

Mimi ni fundi rangi wa magari, mtu mzima mwenye mke. Ila nina ugonjwa mmoja ambao watu wengi hawaujui: napenda wanajeshi wadogo, wale wa urefu wa kidole. Nawaunda kwa waya na gundi, nawapaka rangi, kisha tunawapanga mezani na kupigana vita kwa dadu na futi ya fundi. Unacheka? Cheka. Hata mke wangu alicheka mpaka akazoea.

Mpinzani wangu alikuwa shemeji Mabula, mume wa dada yangu mkubwa, Mama Kulwa. Mabula alikuwa mlinzi kwenye duara moja la dhahabu, shimo la wachimbaji wadogo, huko upande wa Kharumwa. Kila akija mapumziko Shinyanga tulifunga mlango Jumapili nzima, tunauana mezani. Mchezo wenyewe alikuwa hauwezi, namchapa kila mara. Yeye alichopenda ni rangi.

Nikawa namwonyesha. Askari mpya anang'aa kama mdoli, lazima umchakaze. Unazimua rangi ya kahawia na thina mpaka iwe nyepesi kama chai ya rangi, unampaka, inakimbilia kwenye mikunjo ya nguo na kukaa huko kama kivuli. Ikikauka, unachovya brashi kwenye rangi ya fedha, unaifuta kwenye tambara mpaka udhani imeisha, ndipo unaipitisha juu juu. Kingo zote zinatokeza, chuma kinaonekana kimeshikwashikwa miaka. Kutu nilikuwa naidonoa kwa kipande cha sponji ya godoro. Nilikuwa na kifaru kimoja cha vita ambacho Mabula alikuwa anakiangalia hakimalizi, anasema hiki kimetoka vitani kweli. Na mimi kichwa kinavimba.

Sifa! Sifa ndiyo imenifikisha hapa.

Wavamizi walikuwa wamezidi kule kwenye duara. Walikuwa wanakuja kikundi, wanarusha mawe, wananyakua viroba viwili vitatu vya mawe ya dhahabu na kutokomea. Mabula alikuwa na rungu tu. Akaja kuniomba nimchongee bunduki ya ubao, nyeusi, ya kuwatishia kwa mbali.

Angemwomba mtu mwingine angepewa ubao mweusi na mambo yakaisha. Mimi nikakaa nayo siku tatu! Mtutu nikaweka bomba la maji, kifyatulio msumari. Pale mkono unaposhika nikapitisha brashi kavu ya fedha. Kwenye maungio nikadonoa kutu, chini nikapaka kivuli cha mafuta machafu, kwenye kitako nikachora mikwaruzo mmoja mmoja. Nilipomaliza niliiogopa mwenyewe, na nikafurahi kuiogopa.

Dada aliikuta inakauka uani. Alisimama akaitazama muda mrefu.

"Mdogo wangu," akasema, "ipake hata nyekundu kidogo hapo mdomoni. Mtu akisogea ajue ni ya mchezo."

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia aendelee na mboga zake, mambo ya rangi aniachie mimi. Mabula akacheka, akaifunga kwenye shuka na kuondoka nayo.

Yaliyofuata nilisimuliwa na Maganga, mlinzi mwenzake. Walikuja asubuhi, jua limeshatoka, wanaume wanane wenye mapanga. Mabula akainyanyua bunduki na kuwaamuru walale chini.

Hawakukimbia. Waliiona ile bunduki imechakaa, wakajua imetumika, wakajua mwenye nayo akipewa nafasi atawamaliza. Mmoja alikuwa nyuma ya lundo la mawe, hatua nne tu kutoka kwake. Alimpiga Mabula jiwe la uso akaanguka magoti. Wengine wakamrukia. Walimkata panga mkono ulioshika bunduki, vidole vitatu vikadondoka. Wakamkata usoni kwa kukingama, jicho hadi jicho. Maganga alikuwa kajibanza kwenye shimo, anasema alisikia mbavu zinavunjika. Damu inamtoka shemeji puani na mdomoni na bado wanampiga mateke, kwa sababu bado alikuwa ameing'ang'ania kwa mkono wa pili.

Mwishowe mmoja akamnyang'anya, akamwelekezea kichwani na kuvuta. Msumari haukusogea. Akaibamiza kwenye jiwe, ikapasuka, mbao nyeupe ikaonekana ndani.

"Ni ubao," mmoja akasema. "Huyu naye, si angesema? Tungecheka tu."

Wakaondoka bila kubeba hata kiroba kimoja.

Mayu wane! Mama yangu! Maneno hayo Maganga alinipa kwenye benchi la hospitali, nje ya wodi. Askari walipokuja kuuliza nani aliyeichonga, nilikuwa nimekaa pale pale. Nikaangalia viatu vyangu. Dada naye alikuwepo. Aliniangalia mimi, akawaangalia wao, akawaambia hajui.

Tangu siku hiyo nikimpa shikamoo haitikii. Naingia kwake, "Shikamoo dada," anaendelea kuosha vyombo. Afadhali angenitukana.

Mabula hana kinyongo, na hilo ndilo linaloniua. Juzi aliniomba nimpelekee kile kifaru, amekikumbuka. Nikamwekea mkononi, ule wenye vidole vitano. Akakipapasa taratibu, juu, ubavuni, kwenye minyororo. Akarudia tena.

"Shemeji," akaniuliza, "ile kutu iko wapi?"

Nikamwambia iko hapo hapo ulipogusa. Akapapasa tena.

"Mbona ni laini tu? Miaka yote nilidhani inashikika."

Ilikuwa rangi, basi. Wale wanaume wangeigusa bunduki kidogo tu wangejua, kama vidole vyake vilivyojua, lakini nani anaigusa bunduki kwanza? Dada alikuwa mlangoni, amesikia yote. Alikuja akamnyang'anya kile kifaru mkononi, akanirudishia mimi, akamwambia mumewe uji umepoa.

Ndugu zangu mnaochonga na kupaka, sisemi muache. Wanajeshi wenu wadogo wachakazeni mnavyotaka, wanakaa mezani, hawamuumizi mtu. Lakini mtu akikuomba kitu cha kutishia watu, usitafute sifa. Kiache kionekane cha bandia. Na ndugu yako akikwambia weka alama, weka, hata kama inaharibu kazi yako nzuri.

Mimi niliombwa tone moja la nyekundu. Kopo lake lilikuwa hapo miguuni kwangu, limefunguliwa.