Karatasi ya Korti na Deni la Mihogo

Duka langu la Msimbu lilikuwa kubwa. Ukiingia kwa mlango wa mbele asubuhi, wa nyuma unautokea adhuhuri imeshaadhiniwa. Haya, nimeongeza kidogo. Kilikuwa chumba kimoja chenye mlango mmoja, lakini chumvi ilikuwamo, mafuta ya taa yalikuwamo, kanga, majembe, sukari ya kupima kwa kikombe, na katikati nimekaa mimi kama sultani.

Lililoniangusha ni masikio yangu. Mtu akinisifu, basi mimi nimekwisha. Akisema kanzu hiyo imekukaa, anaondoka na sukari kwa mkopo. Akisema hakuna mtu mwenye roho kama yako toka hapa mpaka Kisarawe, anaondoka na jembe. Watu wa Msimbu walinisifu miaka miwili mfululizo, mpaka sifa zikajaa dukani na bidhaa zikaisha. Na bidhaa zenyewe nilizichukua mali kauli kwa tajiri mmoja wa jumla kule Darisalama, yaani unabeba leo kwa neno lako, unalipa ukishauza. Mimi niliuza kwa sifa, na tajiri sifa hapokei.

Akanipeleka korti, nikafilisiwa. Walikuja watu wa korti wakauza duka zima: mizani, mawe ya mizani, kata ya mafuta, ubao niliokalia. Paka wangu naye walimtazama mara mbili. Zilizopatikana wakagawana wanaonidai, nami nikabaki na shuka kiunoni na mke wangu kanisimamia ubavuni.

Na cherehani. Ile hawakuigusa kwa sababu haikuwa yangu. Ni ya mke wangu, alinunuliwa na baba yake, mkulima wa Visiga, aliyeuza nazi misimu miwili ili bintiye asiende kwa mume mikono mitupu. Ilikuwa cherehani ya kuzungusha kwa mkono, nyeusi inang'aa, na ndiyo iliyotulisha. Alikaa nayo barazani toka asubuhi, kashonea watu kanzu, kashonea watoto magauni, kageuza gunia la chumvi likawa suruali ambayo Bwana Shauri, yule mzungu mkuu wa wilaya, angeivaa kwenda kupokea wageni. Mimi kazi yangu ilikuwa kuzungusha mkono wa cherehani na kusema maneno. Alikuwa akiniambia nipunguze maneno, nizidishe kuzungusha.

Siku zikapita nikaitwa tena korti. Jaji akasema yake kwa Kiingereza, nikaitikia ndiyo, kisha karani akanitoa nje akanieleza. Akasema umefunguliwa, deni la zamani limekwisha, akija mtu kukudai mwonyeshe karatasi hii. Mwenyewe kanitilia pale chini maneno ya Kiswahili ili kila mtu aelewe. Halafu akaninyooshea kidole. "Ila chunga dole gumba lako, bwana. Ukienda kulitia kwenye karatasi nyingine ya deni hili, umejifunga mwenyewe, na sisi hatumo."

Nilirudi kwa miguu, lakini miguu haikugusa chini. Majani ya njia ya Kisarawe kuja Msimbu yalibaki yamesimama vile vile nyuma yangu. Njiani nikawaza: karatasi yenye nguvu ya kumzuia tajiri wa Darisalama, nitaiweka wapi mimi, kwenye paa liliwe na mchwa? Nikapita kwa fundi wa viatu, nikamwambia anishonee ndani ya ngozi. Akanishonea hirizi kubwa kama firigisi ya mbuni, nikaivaa shingoni. Fundi akaniambia hirizi ikishashonwa haifunguliwi, ikifunguliwa nguvu inatoka. Nikamwamini. Mke wangu aliponiona akaitazama ile hirizi, akatazama uso wangu, akarudi kwenye kushona.

Basi Ijumaa ya kwanza nikasikia kengele ya baiskeli. Naapa ilianza kulia Pugu. Lilishuka jitu la watu, mabega mapana kama mlango wa boma, kavaa koti la kizungu na tarbushi nyekundu, anasema Kiswahili cha mjini kilichopigwa pasi. Katumwa na yule tajiri wa jumla. Na alikuwa na akili: alikuja watu wanatoka msikitini, wote wanapita mbele ya baraza yetu. Akanisalimu kwa sauti ya kumsalimu mtu aliye ng'ambo ya mto, akiniita mwenye duka, mwenye duka asiyekuwa na duka. Akasema tajiri bado anangoja kilichosalia.

Nikamwonyesha hirizi. Nikamwambia korti imo humu.

"Hiyo ni ya deni au ya nyoka?" akauliza, na msikiti mzima ukacheka.

Akaniambia nifungue aione. Nikasema haifunguliwi. Akasema basi haimo. Ukitazama vizuri hapo alinishinda, maana mtu anayekataa kuonyesha ushahidi wake ni kama hana. Aliondoka na kuku wetu mmoja, akasema huyo ni wa usumbufu wa njia. Ijumaa ya pili akaondoka na nazi kumi. Mke wangu nilimwona anahesabu kuku waliobaki, na hawakuwa wengi wa kumchukua muda.

Ijumaa ya tatu alikuja na karatasi mpya na kidau cha wino. Akaongea taratibu, kwa huruma, na huruma yake ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Akasema mimi ni Mwislamu, najua deni linamfuata mtu mpaka kaburini, korti ya wazungu haina kazi huko. Akasema hadai pesa leo, anataka dole gumba tu kuthibitisha kwamba bado namkumbuka tajiri. Na kama sina pesa, ile cherehani itaandikwa humo iwe dhamana, si kitu, itabaki hapo hapo. Watu wamesimama wananitazama. Wengine ndio wale wale niliowapa majembe, na wao ndio waliokuwa wakitikisa vichwa kwa masikitiko kuliko wote.

Nitasema kweli, dole langu lilishainuka. Aibu ilikuwa imenijaa mpaka kwenye nywele. Nilijua nikilitia, mke wangu siku moja ataamka akute meza tupu, na bado lilikuwa likishuka kwenye wino lenyewe, kama si langu.

Yule bwana, kuona mambo yanaiva, akavuta kibao cha mke wangu cha kushonea akakaa. Mke wangu hakuwapo pale, kaingia ndani kuchukua uzi. Na sindano alikuwa ameichomeka kwenye kile kitambaa cha kukalia.

"Mayo!" yule bwana akaruka. Alifika nusu ya mnazi, akarudi.

Mke wangu akatokeza mlangoni, futi ya kupimia inaning'inia shingoni. Akauliza polepole, "Umesema nini, baba?"

"Sindano yako, bibi."

"Mtu wa mjini akichomwa anasema mamangu. Wewe umemwita mama kwa lugha ya kwenu. Kwenu wapi?"

Yule bwana akakohoa, akasema yeye mtu wa Darisalama. Mke wangu akangoja. Alikuwa na namna yake ya kungoja, ungemwambia hata ulichokula utotoni.

"Tabora," akasema yule bwana.

Mke wangu akapiga kofi moja, akaita mashoga zake. "Njooni, mtani wetu kaja. Mnyamwezi huyu, wiki tatu anakula kuku wetu kwa kujificha."

Ninyi mnaosoma, kama hamjui, sisi Wazaramo na Wanyamwezi ni watani toka enzi za wazee. Mtani anakuchukulia kitu chako mchana, anakutukana mbele ya watu, na wewe kukasirika huwezi. Ukikasirika umejivunjia heshima wewe na ukoo wako. Na neno lililosemwa kwenye utani halimfungi mtu.

Basi wanawake walimwagika kama kumbikumbi. Mmoja akachukua tarbushi akaivaa. Mmoja akapanda baiskeli, hajui kuendesha, akaenda nayo hatua tatu wakaanguka wote wawili. Mmoja akampaka unga wa muhogo mashavuni. Yule bwana akajaribu kushika karatasi yake, akasema jamani nimekuja kwa deni.

"Deni ndilo hilo tunalolingoja," mke wangu akamwambia. "Babu yako alipita hapa kabeba meno ya tembo, njaa imemkaba, akala mihogo ya bibi yangu shamba zima. Akasema atalipa akirudi kutoka pwani. Akarudi kwa njia nyingine. Sasa wewe umekuja. Toa dole gumba."

Akamshika mkono, akauchovya kwenye kile kidau chake mwenyewe, akaligandamiza dole lake kwenye ile karatasi aliyotuletea. Nimeona watu wengi wakishindwa maishani, mmojawapo mimi, lakini sijaona aliyeshindwa kwa wino wake. Alitazama dole lake jeusi. Alitaka kununa, nikaona mdomo unavutana. Halafu kicheko kikamtoka. Akasema mihogo yenyewe ilikuwa michungu, babu aliugua tumbo mpaka kwao Unyanyembe, tena yeye ndiye wa kulipwa. Alipojibu hivyo tu, kazi ya tajiri ikaishia hapo. Mtu ameshaingia kwenye utani, atarudije kuwa mdai?

Hapo ndipo mke wangu akaacha kucheka. Akachukua mkasi akanijia. Nikafunika hirizi kwa mkono, nikamwambia nguvu itatoka.

"Nguvu iko kwenye maneno, mume wangu. Iache itoke watu waisikie."

Akakata ngozi, akakunjua karatasi, akampa yule bwana asome kwa sauti. Naye akasoma yale maneno ya karani, uso una unga vile vile: mtu huyu amefunguliwa, madeni yake ya zamani yamekwisha, cherehani ni mali ya mkewe. Akasoma mara ya pili, kimoyomoyo. Akakunja.

"Tajiri aliniambia hakuna karatasi," akasema. Kisha akaniambia mimi, "Mtani, ungenionyesha siku ya kwanza."

Nikamwambia nilimwonyesha, macho yake ndiyo hayapenyi ngozi. Wakanicheka tena, lakini safari hii nami nilicheka. Mke wangu akamshonea koti lake lililochanika nyuma kwa vurugu zile, hakumtoza. Kesho yake nilijenga banda la kuku jipya, na ile karatasi mke wangu akaiweka chini ya cherehani, mahali ambapo mtu yeyote angeomba angeonyeshwa. Walikuja wadai wengine wawili. Walisoma, wakanywa maji, wakaenda zao.

Mtani alihama kwa tajiri, akawa anauza samaki wakavu kwa baiskeli. Na hakuacha kuja. Kwa utani amenilia kuku wengi kuliko wote ambao deni lingeweza kuchukua. Nikilalamika, mke wangu ananiuliza nani aliyenifundisha kuhesabu.

Mwaka mmoja wa mavuno mazuri akaja anaisukuma baiskeli, kapakia magunia mawili ya mihogo, jasho linachuruzika mpaka barabara ikaota matope. Akayabwaga mbele ya cherehani, akasema leo nimekuja kulipa ya babu, nifutie.

Mke wangu akachagua muhogo mmoja, akauvunja, akautafuna. 

"Si yenyewe," akasema. "Ile ilikuwa mitamu zaidi."

"Mtani, hata shamba lenyewe halipo tena."

"Basi bado nakudai. Nikikufutia, utakuja tena kufanya nini hapa?"

Ile mihogo tuliichemsha kwa tui la nazi tukaila yote, na yeye akala kuliko sisi.