Wimbo Tulioambiwa Tuuondoe

Mume wangu alivuka ziwa kutoka Burundi mwaka ule wa vurugu, akiwa na begi moja. Tulipooana tukapanga chumba Katubuka, hapa Kigoma, naye akawa mwalimu wa kwaya ya kanisa letu la Kibirizi. Wimbo mmoja aliutunga akautia ubeti wa Kirundi ambao mama yake alizoea kuuimba. Kwaya ikaurekodi katika studio moja ya Bangwe, naye akaupakia mtandaoni, akitumaini utawafikia ndugu zake waliotawanyika makambini.

Siku moja mwanamke akaandika chini ya wimbo: "Huo ubeti mama alituimbia tukichambua maharage. Wewe ni kaka yangu?"

Alikuwa dada yake, yuko kambini Uganda. Mume wangu alikaa sakafuni, analia huku anacheka.

Furaha haijapoa, mwenye studio akatuma ujumbe: rekodi ni mali yake, wimbo uondolewe, la sivyo atatushtaki. Basi mume wangu akawa hatulii. Mara mlangoni, mara uani, mara barabarani, simu mkononi.

"Mimi ni mkimbizi," aliniambia. "Nikifikishwa polisi, nani atasikiliza habari za kwaya?"

Nikamshika mkono tukaenda kwa afisa utamaduni, mama mmoja aliyehamishiwa Kigoma kutoka Moshi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Tukamweleza yote. "Mliandikiana mkataba na studio?"

"Tulielewana kwa mdomo tu," mume wangu akajibu.

Akashusha pumzi. "Utunzi ni wako, baba. Lakini hiyo rekodi anaweza kuidai, na bila maandishi kesi itawachosha. Watu wanarushiana nyimbo kama salamu, hawajui sheria ipo. Uondoe, mrekodi upya wenyewe."

Mume wangu akauondoa palepale, mbele ya afisa. Kilichomuuma ni mdogo wake wa kiume, ambaye hatujampata hadi leo. Je, kama alikuwa karibu kuusikia?

Jumapili iliyofuata kwaya iliimba upya kanisani, nami nikarekodi kwa simu yangu. Kila mwimbaji aliweka sahihi kwanza, kwenye karatasi ya kukubali wimbo upakiwe. Injini za mitumbwi zinasikika katikati ya wimbo, lakini ubeti wa mama yao upo wote.

Tuliupakia upya. Hadi sasa simu ikilia, mume wangu anashtuka, anasimama kabla hajaitazama. Hajui kama ni mdogo wake au ni mwanasheria.