Kibua wa Asubuhi na Paka Aliyenenepa

Mume wangu alikuwa mtu mstaarabu. Najua hivyo kwa sababu aliniambia mwenyewe, tena mara nyingi. Alikuwa karani katika ofisi ya serikali ya Mwingereza, akivaa kaptula nyeupe iliyotiwa wanga mpaka ikaweza kusimama peke yake. Asubuhi alikunywa chai na kipande cha mkate kilichopakwa siagi ya kopo, akikikata kwa kisu na uma. Kipande kimoja. Ustaarabu ulitutia njaa sana mwaka ule.

Tulikuwa watu wa bara, wa mlimani, na tulipanga chumba Temeke kwa mama mmoja wa Kizaramo, mjane, aliyekaa chumba cha mbele na paka wake. Kwetu samaki hakuwa chakula. Alikuwa ndugu yake nyoka aliyekimbilia majini, na mtu aliyemla hatukumcheka, tulimhurumia. Basi asubuhi yangu ya kwanza pale, mimi na mimba yangu ya miezi sita, nikasikia hodi. Nafungua, namwona mama mwenye nyumba ameshika sahani ya bati yenye maua. Muhogo wa kuchemsha, na juu yake kibua mzima wa kukaanga, na kichwa chake, ananikodolea macho.

"Kula, mwanangu," mama akasema. "Mwenye mimba haamki na chai tupu. Na siku yako ikifika usihangaike, mie nipo. Watoto wa mtaa huu wote nimewapokea mie."

Nikamshukuru kwa heshima zote. Kisha nikala muhogo, nikamtupia paka yule kibua nyuma ya choo, nikaisugua sahani kwa majivu mpaka ikang'aa, nikairudisha. Nilijiona nina adabu za kugawia jirani. Kesho yake nikafanya vilevile, na keshokutwa pia.

Siku ya nne sahani haikuja. Nikimwamkia mama shikamoo, marahaba yake ilikuwa kavu, tena akiniitikia huku amenipa mgongo, anakuna nazi. Mume wangu akanieleza kwamba watu wa pwani ndivyo walivyo, hawaeleweki. Yeye alikuwa hajazungumza nao, ndiyo maana aliwajua vizuri.

Aliyenifumbua macho ni mpangaji mwenzangu, mwanamke wa Rufiji, tulipokuwa tunafua.

"Wewe nawe! Sahani ya mtu unairudishaje tupu? Ungetia hata chumvi. Mara tatu! Umemwambia hutaki ujirani wake."

Nikabaki nimeshika nguo. Kwetu chombo kikirudi na kitu ndani, mwenyewe anajua chakula chake hakikulika. Mimi na usafi wangu nilikuwa nimemtukana mama mtu mzima siku tatu mfululizo. Niliogopa, sitaki kudanganya. Mama yangu alikuwa mbali mno, mume wangu alichojua ni kuandika barua, na mikono pekee iliyokuwa imeahidi kumpokea mwanangu sasa ilikuwa inakuna nazi imenigeuzia mgongo.

Wiki ileile mume wangu alitumwa asubuhi na mapema kupeleka majalada nyumbani kwa bwana mkubwa wake. Akarudi jioni kama mtu aliyeona malaika.

"Anakula samaki!" akaniambia. "Asubuhi! Samaki mkavu wa moshi, ametoka kwao Ulaya. Anamla kwa uma!"

Hadi jana yake samaki wa asubuhi alikuwa ushenzi. Kumbe alihitaji tu kupanda meli.

"Kuanzia kesho na sisi tutakula," akaamuru. "Mwambie huyo mama yako aendelee kuleta."

Sikuwa nimemwambia kuwa sahani imekatika. Nikapiga moyo konde. Kesho yake nikaponda ndizi na maharage kama alivyonifundisha mama yangu, nikajaza sahani yangu nzuri, nikabisha hodi chumba cha mbele.

"Hii nini, mwanangu?"

"Chakula cha kwetu, mama. Nimekuletea."

Akaitazama sana ile rangi yake.

"Mashallah," akasema, kwa sauti ya mtu aliyeonyeshwa mtoto mbaya wa jirani. Akafunga mlango.

Haukupita muda nikaenda chooni, na kule nyuma nikamkuta paka amekabiliana na rundo la ndizi zangu. Alizinusa, akanitazama, akaondoka zake. Nikarudi chumbani nikalia. Niliona yamekwisha.

Mara hodi. Alikuwa mama, na sahani yangu mkononi. Juu yake muhogo, na vibua wawili.

"Sahani yako hiyo," akasema bila hata kupepesa jicho. "Chakula chako kitamu."

Kisha hakuondoka. Akavuta kigoda, akakaa, akasubiri. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nikaanzia mkiani ili tusionane macho na samaki mwenyewe. Kulikuwa na chumvi, ndimu, pilipili. Nikafika kichwani bila kujua, nikamshika wa pili. Mume wangu aliporudi, alikuta miiba, na mkate wake.

Mwanangu wa kwanza alizaliwa saa tatu asubuhi, mikononi mwa mama yule, baba yake akiwa ofisini na ustaarabu wake. Mama akamwosha, akamfunga kanga yake mwenyewe, akakaa kitandani kwangu.

"Nikwambie kitu, usinune. Zile ndizi zako nilimpa paka."

"Hakuzila, mama. Alizikataa."

Akacheka mpaka mtoto akashtuka.

"Na vibua wangu watatu?"

"Wale aliwala."

"Nilijua. Paka alinenepa, wewe ukakonda."

Akaniwekea mtoto kifuani, akaenda jikoni kunikaangia kibua. Nilimsikia akicheka peke yake huko, nami nikalia kwa furaha na kwa aibu, vyote pamoja.

Sahani ya maua, iliyokwenda na kurudi kati yetu miaka yote, ninayo mpaka leo. Asubuhi aliyofariki mama yule, sahani ilikuwa kwangu, zamu yangu kuirudisha, na nilikuwa nimeshaweka kibua juu yake.