Sahihi ya Shangazi

Shangazi yangu ananuka. Nampenda, lakini ananuka mafuta yaliyochacha, hata akioga mara tatu. Miaka kumi na tisa amefanya kazi kwenye kiwanda kinachopika asidi ya mafuta ya soya mpaka itoke dawa ya kulainishia plastiki. Bila dawa hiyo, plastiki ya kufunikia magodoro ingekuwa ngumu kama kigae. Nilimtembelea kazini mara moja tu. Hata kitasa cha mlango kilikuwa na utando wa kahawia unaonata. Nilitapika getini.

Kazi yake ni kupima. Anachanganya dawa kidogo na plastiki, anakata kipande, anakikunja na kukibana ndani ya karatasi nyeupe hadi kesho yake. Karatasi ikibaki kavu, anatia sahihi. Ikilowa, dawa haikuiva, na plastiki hiyo itatoka jasho la mafuta maisha yake yote.

Siku moja karatasi ililowa chepechepe. Mnunuzi, mtengenezaji wa magodoro ya hospitali, alikuwa ameshafika, na msimamizi wa kiwanda anamwimbia wimbo wake wa kila siku.

"Mimea mitupu hii, bwana. Hata mtoto akilamba, hakuna neno."

"Basi lamba wewe kwanza," shangazi akamwambia. "Ukilamba, natia sahihi."

Alidhani amemkomesha. Msimamizi akachovya kidole kwenye pipa, akakinyonya mpaka kwenye pete, akameza. Uzi wa mafuta ukabaki unaning'inia kidevuni.

"Tamu," akasema.

Mnunuzi akacheka. Shangazi alishikwa na kinyaa. Kulamba na kutoka jasho wapi na wapi, na yeye alilijua hilo kuliko wote pale. Lakini neno lilikuwa limeshamtoka mbele ya watu, akatia sahihi.

Kisa hicho nilikuwa sijakisikia nilipojifungua, miezi minne baadaye. Shangazi alikuja wodini, akasimama mlangoni, pua ikamcheza. Hakunipa hata hongera. Alikwenda moja kwa moja kumwinua mwanangu, na shuka likainuka naye, limemganda mgongoni, la manjano, limelowa mafuta yaliyotoka kwenye plastiki ya godoro. Ngozi yake ilikuwa imejaa vipele vyekundu.

"Mtu gani asiye na haya amepitisha uchafu huu?" nikauliza.

Shangazi alikuwa anamfuta mtoto kwa ncha ya gauni lake.

"Mimi," akasema.