Chumba Kisichoingia Maji

Nelima hakuwa na kazi nyingine Kampala ila kupiga pasi. Alivuka mpaka pale Malaba akiwa na miaka ishirini na mmoja, na shangazi yake aliyempokea ndiye aliyempeleka Bukoto kwa Hajati Maimunah, mama wa Kinubi mwenye duka la dobi chini ya maghorofa.

"Unajua kunyoosha nguo?" Hajati alimwuliza.

Nelima akasema anajua. Hakujua. Kwao Bungoma alikuwa amenyoosha sare za shule tu, tena kwa kuzilaza chini ya godoro. Lakini mwenye shida hachagui mwalimu, akajifunza kwa kuungua vidole, na ilipofika miaka mitano hakukuwa na kanzu wala gomesi, lile gauni refu la akina mama wa Kiganda, iliyomshinda.

Kazi yenyewe ni ya kusimama. Wiki huanza na shuka za nyumba za wageni, zikafuata mashati ya watu wa ofisini, na kuanzia Alhamisi zikamiminika kanzu na gomesi za wanaokwenda kwenye sherehe za utambulisho, binti anapomtambulisha mchumba wake kwa wazee. Kampala haikosi binti wa kutambulisha mchumba. Umeme ukikatika wanawasha pasi ya mkaa, na moshi wake humwingia Nelima machoni mpaka wateja wakadhani analia. Jioni anateremka kwa miguu hadi kwenye bonde lililo nyuma ya Mulago, alikopanga chumba kimoja, anavua viatu na kukaa kitandani akiitazama miguu yake kama miguu ya mtu mwingine.

Kila wiki alitoa kidogo kwenye kikundi cha akiba cha kina mama wa sokoni Bukoto. Hakuwa na lengo. Shangazi yake, kabla hajahamia Jinja, alikuwa amemwambia, "Weka, utajua baadaye ni ya nini," naye akaweka. Kila Desemba wenzake walipogawana na kukimbilia kununua vitenge na mbuzi wa Krismasi, yeye alirudisha fungu lake palepale. Hivyo Desemba hii kikundi kilipovunjwa kwa sababu mwenyekiti wao anahamia kijijini, Nelima alijikuta ameshika bahasha yenye shilingi za Uganda milioni tatu na ushee. Kwa tajiri wa Kampala hiyo ni pesa ya kubadilisha matairi. Kwake ilikuwa miaka mitano ya kusimama.

Habari za pesa hazina breki. Kabla wiki haijaisha, mdogo wake Travis alipiga simu kutoka nyumbani.

"Sista, sikiza. Baba Wafula anauza kile kipande kilichopakana na boma letu. Tununue, tupande miwa. Miwa haina kazi, unapanda unaenda zako."

"Na nani atapalilia?"

"Si mimi niko?"

Mwaka uliopita Nelima alikuwa amemtumia Travis pesa za kuku. Kuku wote walikufa kwa ugonjwa ambao, kwa namna ya ajabu, haukugusa hata kifaranga cha jirani.

"Nitafikiria," akasema.

"Usifikirie sana, sista. Shamba haligojei mtu."

Shauri la pili lilitoka kwa Hajati mwenyewe, na hilo ndilo lililomnyima raha, kwa kuwa lilikuwa jambo zuri. Siku hiyo duka lilikuwa limetulia. Hajati alikaa kwenye kigoda akijikanda magoti, akasema bila kumtazama:

"Mwanangu, magoti yangu yamekataa. Wanangu hawataki duka, mmoja anaendesha malori Juba, mwingine kaolewa Bombo. Nipe hizo ulizonazo, zilizobaki utanilipa polepole. Wateja unawajua, mashine ile moja ya kufulia bado inazunguka. Utakuwa bosi."

"Hajati, mimi?"

"Nani mwingine? Nimpe mtu wa barabarani?"

Nelima alishukuru kwa magoti yote mawili, kama alivyofunzwa kwao. Alipoinuka akaomba muda. Hajati akacheka, akasema muda upo, lakini yeye si kijana.

Usifanye haraka ya kumwona mjinga. Alilipima jambo lile kila alipokuwa akinyunyizia maji kola za mashati. Alijua kabisa kwamba msichana wa umri wake anayepewa duka lenye wateja Bukoto anapaswa kupiga vigelegele. Akajaribu kujiona akiwa bosi: anafungua asubuhi, anagombana na wenye nyumba za wageni wasiolipa, anabembeleza mashine, anasimama. Kila alipoifuata picha hiyo mbele zaidi, mwisho wake alimkuta mwanamke mnene kwenye kigoda, anajikanda magoti. Hapo alichukua shati lingine, na hakuwa na mtu wa kumwambia, maana utamwambiaje mtu kwamba umepewa bahati na wewe unahisi usingizi?

Kisha mvua ikaja. Ilinyesha mchana kutwa, mvua ya Kampala isiyojua adabu, na Nelima aliporudi jioni alikuta mtaro umefurika na maji meusi yamo chumbani mwake, kandambili na sufuria zinaelea. Haikuwa mara ya kwanza. Jirani yake Awiti, Mkenya mwenzake anayeuza samaki wa kukaanga, alikuwa tayari ameshika beseni mlangoni kwake.

"Anza na huko nyuma, dada, huku mbele bado yanaingia," Awiti alimwambia, kwa sauti ya mtu anayeagiza chumvi.

Waliyachota, yakarudi. Wakayachota tena. Kufika alfajiri maji yalikuwa yameshuka hadi kwenye vifundo, godoro limenyonya nusu yake, na Nelima akavaa gauni lenye unyevu, akapanda kilima kwenda kazini.

Asubuhi hiyo mezani palikuwa na kanzu ya bwana harusi mtarajiwa. Kanzu nzuri ya hariri yenye darizi nyekundu kifuani, ya kuchukuliwa saa nne. Nelima aliishika vizuri, akashika pasi vizuri. Alichokumbuka baadaye ni joto lile likimpanda usoni, tamu kama blanketi. Akaamshwa na harufu. Alikuwa amelala akiwa amesimama, na pasi imelala juu ya mgongo wa kanzu.

Hajati alikuja, akaitazama ile alama ya kahawia yenye umbo la mtumbwi, kisha akamtazama Nelima.

"Umelala wapi jana?"

"Sikulala, Hajati. Maji yaliingia."

Hajati hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Alimtuma mtu kwa fundi wa Kibuli kutafuta kanzu nyingine ya kimo kile, na mwenye ile iliyoungua alipofika akakaa naye nje, akamwomba radhi kwa Kiganda kirefu. Mwanamume yule aliondoka na kanzu mpya, bado amenuna. Bei ya kanzu ilitoka kwenye bahasha ya Nelima. Yeye mwenyewe ndiye aliyeitoa kabla hajaulizwa.

Mchana, Hajati alipokwenda kuswali, Nelima alivua aproni, akatoka, akaanza kuulizia vyumba.

Alionyeshwa vitatu asivyovipenda. Cha nne kilikuwa nyuma ya ghorofa moja, juu kabisa ya kilima, mwendo mfupi tu kutoka dukani. Sakafu ya saruji iliyosuguliwa, dirisha lenye wavu wa mbu, mlango unaofunga. Msimamizi wake, mzee mmoja aitwaye Lawrence, alisimama mlangoni na rundo la funguo.

"Hapa maji naingia?" Nelima aliuliza kwa Kiswahili cha mjini.

Mzee Lawrence akamtazama kwa huruma. "Nyabo, hapa iko juu. Maji itapanda mulima namna gani?"

Kodi yake ilikuwa karibu mara tatu ya ile ya bondeni. Nelima aliingia, akasimama katikati ya chumba kitupu. Hakuna kilichosikika isipokuwa mtu akitwanga karanga nyumba ya pili. Akaona kwamba mabega yake yameshuka, yale mabega aliyoyabeba juu kwa miaka mitano. Akalipa miezi sita. Kutoka hapo akanunua godoro nene, kubwa kuliko mahitaji ya mtu mmoja, akalipandisha kilimani juu ya bodaboda huku amelikumbatia kwa nyuma. Kati ya kilichobaki akamtumia mama yake sehemu kwa ajili ya mabati ya paa, na salio halikutosha duka la mtu yeyote.

Hajati alipoambiwa aliacha kujikanda magoti.

"Mtu anakufungulia mlango, wewe unanunua godoro?"

"Nimechoka, Hajati."

"Nani hajachoka?"

Nelima akachukua pasi, akaendelea na kazi. Travis naye alipoambiwa alikata simu, akakaa mwezi mzima bila kupiga. Mama ndiye aliyepiga kusema mabati yamefika.

Duka lilinunuliwa na Mumbere, kijana kutoka Kasese aliyeleta mashine mbili mpya na kupaka kuta rangi ya bluu. Alimbakiza Nelima kwa mshahara uleule. Biashara imekua. Zipo siku Nelima anamwona Mumbere akihesabu mauzo, na kitu kinamchoma kifuani, anajiambia: hapo ningekuwa mimi. Hajidanganyi kwamba haumii. Kisha jioni inafika, anapanda ngazi chache, anafungua mlango mkavu, na mvua ikinyesha anaisikiliza kwa juu juu tu, kama habari za nchi ya mbali. Kikundi kingine cha akiba kimeanzishwa sokoni. Amejiunga, na safari hii pia hajui ni ya nini.

Ijumaa moja Hajati Maimunah alipita kumjulia hali, amebeba maandazi. Alipanda kilima polepole, akafika anahema, na kwa vile chumba hakina kiti akakaa kitandani. Akabonyeza godoro kwa kiganja, mara moja, mara mbili.

"Hili ndilo?"

"Ndilo, Hajati."

"Mm." Akavua viatu. "Ngoja nijinyooshe kidogo. Kidogo tu, chai ikiwa tayari uniite."

Chai ikawa tayari. Hajati alikuwa amelala ubavu, mdomo wazi kidogo, mkono mmoja chini ya shavu. Nelima alifunika birika, akakaa sakafuni na kuegemea ukuta, akaanza kula andazi taratibu, na hakumwita.